Kutoka Swala mpaka Boxer: Jinsi Vijana wa Katoro Walivyopata Chuma Chao

Ukishuka kwenye basi pale Katoro, mguu mmoja ukiwa bado mlangoni, tayari kuna mtu ameshika begi lako. "Bosi, Lwamgasa?" "Sista, Buseresere twende!" Nyuma ya hizo kelele kuna mstari wa vyuma: Boxer nyekundu yenye kava la siti la manyoya, TVS yenye taa za rangi mpaka kwenye rimu, nyingine ina kipande cha mpira nyuma ya tairi kimeandikwa DENI HALIFUNGI MTU. Mgeni akiona anasema hawa vijana wanapenda sifa. Sawa, wanapenda. Ila kila kitu kilichofungwa kwenye hizo pikipiki kina historia yake, na historia yenyewe haikuanza na bodaboda.

Turudi nyuma. Usukumani hela ya kueleweka ilikuwa ya pamba. Mzee akishauza pamba yake na kulipa madeni, mawazo yanaenda sehemu mbili tu: ng'ombe au baiskeli. Kulikuwa na Raleigh ya Mwingereza, ikaja Phoenix ya Mchina, na hapo katikati ikawepo Swala, iliyotengenezwa hapahapa Dar es Salaam na kiwanda cha NABICO enzi za Mwalimu. Baiskeli ilibeba gunia la mpunga, ilipeleka mgonjwa zahanati, ilibeba mke na mtoto siku moja hiyohiyo. Na ilipambwa balaa! Maua ya plastiki kwenye usukani, madigadi yenye maandishi, kengele mbili wakati moja inatosha. Kwa hiyo yule dogo anayefunga taa kumi na mbili kwenye Boxer hajaiga TikTok. Kamuiga babu yake.

Shinyanga wakaenda mbali zaidi, baiskeli ikawa usafiri wa abiria na ikaitwa daladala. Ndiyo, wakati watu wa Dar wakisema daladala wanamaanisha Hiace, mtu wa Shinyanga alikuwa anamaanisha keria lenye sponji na jamaa mwenye misuli ya miguu kama nguzo. Hata neno bodaboda lenyewe lilizaliwa kwenye baiskeli. Ni huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, vijana wakivusha watu na mizigo kutoka boda moja kwenda boda nyingine.

Pikipiki wakati huo ilikuwa kitu cha mkubwa. Ukisikia mlio kijijini unajua ni padri, bwana shamba, mganga au mtu wa mradi. Walipanda Honda XL, na wengine Yamaha AG100. Hii AG100 isimamishe kidogo hapo, maana wengi wanaipita kama chuma chakavu. Yamaha waliitengeneza kwa ajili ya wafugaji na wakulima, hata hizo herufi AG zinatokana na kilimo. Ilitoka kiwandani na keria mbele na nyuma, vyuma vya kukinga injini ikianguka, cheni iliyofunikwa yote isile matope, na stendi za pembeni kulia na kushoto ili uegeshe popote. Sasa nenda kaangalie pikipiki inayobeba mawe ya dhahabu leo. Keria kubwa la kuchomelea, bampa pande zote mbili. Vijana wa Katoro wanalipa fundi wa kuchomelea awafungie vitu ambavyo pikipiki ya bwana shamba ilikuja navyo zamani.

Halafu dhahabu. Wajerumani ndio walioanza kuipekua ardhi ya Geita, na mgodi mkubwa ukafanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka ulipofungwa 1966. Mgodi ukafungwa, dhahabu haikufungwa. Wachimbaji wadogo wakaingia na sururu, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipolegeza biashara ya madini, watu wakamiminika kutoka kila kona. Mwaka 1996 maelfu wakaondolewa Bulyanhulu. Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa GGM ukaanza kuzalisha Geita. Wachimbaji wadogo wao waliendelea na maduara yao Lwamgasa, Nyarugusu na kwingine, na Katoro, ambayo iko kama kilomita 40 kutoka Geita mjini, ikawa ndiyo sehemu ya kununua vitu, kulala, kunywa na kutumia.

Shida ya duara ni kwamba halichagui mahali. Leo mawe yamejibu huku porini, wiki ijayo watu wote wamehamia kule bondeni. Hakuna barabara inayoweza kukimbizana na tetesi. Gari haliingii, baiskeli inachosha, na mtu wa duara akipata hela hataki kusubiri. Hapo ndipo soko la pikipiki lilipokuwa linasubiri mtu wa kuileta kwa bei nafuu.

Akaja Mchina. Miaka ya 2000 kuelekea 2010 zikaingia SanLG, Toyo, Fekon, T-Better, Kinglion na majina mengine ambayo hata muuzaji alikuwa anayasoma kwa shida. Watu wakacheka. "Hiyo pikipiki ya plastiki!" Waliocheka hawakufungua injini. Ndani ya nyingi ya zile pikipiki kulikuwa na mchoro wa Honda CG125 ya mwaka 1976, na hiyo CG ina stori yake.

Honda waligundua kwamba wateja wao kwenye nchi maskini hawafanyi sevisi. Oili inakaa mpaka inakuwa lami, na mzigo unazidishwa mara tatu. Injini zao za wakati ule zenye kamu juu kwenye hedi na cheni ya taimingi zilikuwa zinakufa kwa mateso hayo. Wakaunda injini nyingine kwa makusudi, kamu ikashushwa chini, valvu zikasukumwa kwa fimbo. Imepitwa na wakati kwenye karatasi, lakini haifi kirahisi, na fundi aliyejifunzia chini ya mwembe anaweza kuifungua na kuirudisha bila kifaa cha ajabu. Wachina wakaichukua hiyo kama ilivyo na kuishusha bei. Kwa hiyo yule aliyesema pikipiki ya plastiki alikuwa nusu sahihi: taa na madigadi yalikuwa plastiki kweli, moyo ulikuwa wa Mjapani aliyewafikiria watu wasiobadilisha oili.

Sheria ikaja nyuma ikihema. Mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji, kitu ambacho mtaani kilikuwa kimeshaanza zamani. Usimamizi ulikuwa chini ya SUMATRA, na tangu 2019 uko LATRA. Namba za MC zikaanza kuzoeleka, nyeupe ya biashara, njano ya binafsi. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Kofia ngumu zikasisitizwa, zikaning'inizwa kwenye usukani, zikaendelea kuning'inia.

Kisha Mhindi akamfuata Mchina mgongoni. Bajaj na Boxer yao, TVS na HLX yao iliyoanza 2013 ikilenga soko la Afrika. Bei juu kidogo, ila inakula mafuta kidogo na spea zake zipo kila duka. Kwenye kazi ya hesabu ya kila siku, lita moja inayobaki kwenye tanki ni chakula. Boxer ikashinda, mpaka leo kuna watu wakisema "nimenunua Boxer" wanamaanisha pikipiki yoyote.

Sasa ukitaka kujua haya mambo kwa vitendo, kaa kijiweni kwa fundi mmoja wa Katoro, jina kapuni, mtu mzima kidogo ambaye vijana wote wanamuita Mjomba. Pikipiki ikiletwa inakohoa, haulizi maswali mengi. Anachomoa plagi. Ikiwa na rangi ya kahawia anairudisha na kutafuta tatizo kwingine. Ikiwa nyeusi kavu ya masizi, kabureta inamwaga mafuta mengi. Nyeusi yenye utelezi wa oili, hapo anamuangalia mwenye pikipiki kwa huruma, maana ringi zimechoka na kuna kufungua bloku.

Na ringi za huku zinachoka mapema kwa sababu moja ambayo Mjomba anaisema kila siku na hakuna anayesikia: vumbi. Vijana wanatoa eya klina ili pikipiki ivute na ilie vizuri. Inalia kweli. Lakini lile vumbi jekundu la njia ya machimbo linaingia moja kwa moja kwenye silinda na kusugua kama msasa. Miezi michache moshi wa bluu unatoka nyuma, mtu anasema kauziwa oili feki. Feki zipo, tena nyingi, ila mara nyingine feki ni maamuzi ya mwenye pikipiki.

Vitu vingine anavyofunga ni akili tupu. Mtu anayebeba viroba vya mawe kutoka kwenye duara kwenda kwenye karasha anabadilishiwa sproketi ya nyuma, anawekewa yenye meno mengi, pikipiki inapoteza mwendo lakini inapanda mlima na mzigo. Springi zinaongezwa nyuma. Keria linachomelewa upya. Wa abiria wa mjini yeye anataka mwamvuli, redio, honi ya lori na vioo vinne ambavyo havimuonyeshi kinachokuja nyuma. Kuna aina ya tatu: mchimbaji aliyetoboa jana. Huyo anakuja na pikipiki mpya bado ina nailoni kwenye siti, anataka kila kitu kinachoning'inia dukani kifungwe leo, halafu baada ya miezi mitatu unaiona ileile ikiwa na mtu mwingine. Katoro haishangai.

(Wanaouliza kuhusu pikipiki za majini, zile za kurusha maji kwenye video za Zanzibar: ziwa lipo, Chato si mbali, lakini injini inayoheshimika kule ni Yamaha ya kupachika nyuma ya mtumbwi wa dagaa. Ina wenyewe na mafundi wake, na haifungwi taa za rangi.)

Spea nyingi zilikuwa zinatoka Mwanza, na kati ya Mwanza na Geita kulikuwa na maji ya Kigongo na Busisi. Kivuko kikichelewa, pistoni yako imechelewa, na siku ya hesabu haijachelewa. Tangu daraja la JP Magufuli lifunguliwe Juni 2025, kilomita kama tatu juu ya ziwa, hiyo sababu imekufa. Mafundi wamebaki na sababu zingine, usijali.

Tumefika kwenye hesabu, na hapa ndipo penye kilio. Wengi wa hao unaowaona pale stendi, chuma si chao. Kuna tajiri. Mpango wa kwanza ni hesabu ya kawaida: unapeleka kiasi cha siku, mara nyingi elfu 7 mpaka elfu 10, kinachobaki chako. Mpango wa pili ni mkataba, yaani unapeleka kila siku mpaka tarehe ifike, kisha pikipiki inakuwa yako. Piga mwenyewe: elfu 10 kwa siku 365 ni milioni 3 na laki 6 na nusu. Mkataba ukienda mwaka na nusu inapita milioni 5 na laki 4. Pikipiki ileile dukani ukiwa na keshi haifiki huko. Lakini keshi huna, na benki haikujui. Tajiri anakujua, na nyumbani kwenu anapajua pia.

Ugumu unakuja mwezi wa mwisho. Mvua imekupiga siku nne, au umeumwa, au umeanguka na abiria. Mkataba mwingine umeandikwa kwenye daftari, mwingine mdomoni tu. Kadi anayo tajiri, jina kwenye kadi ni lake. Akisema umevunja, umevunja. Kuna kijana wa hapohapo, jina kapuni pia, aliyebakiza siku 19. Alikuwa ameshalipia ringi, cheni mbili na tairi la nyuma kwa hela yake. Akapata homa wiki moja, kurudi akakuta funguo ziko kwa deiwaka.

Alikaa kwa Mjomba karibu mwaka mzima akishika spana, baadaye akachukua mkataba mwingine kwa mtu mwingine. Safari hii alitaka karatasi ya serikali ya mtaa, mashahidi wawili, na kipengele cha siku za kuumwa. Tajiri alinuna lakini akasaini. Siku ya mwisho wakaenda pamoja TRA, jina likabadilishwa.

Jioni ile hakufunga taa wala redio. Alirudisha eya klina. Sasa hivi ana pikipiki mbili, ya pili amempa dogo mmoja kwa mkataba wa miezi kumi na sita, elfu 10 kwa siku. Dogo ameshaomba apunguziwe ifike elfu 8. Bado anafikiria.

Kijiweni kwenu mkataba unaenda miezi mingapi, na siku za kuumwa zinahesabiwaje? Dondosha komenti.