Walwa na Kitoweo Chake: Historia ya Mlo wa Pombe Somanda, Bariadi

Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliitazama pombe ya kienyeji kwa jicho la leseni na saa za kuuza. Chakula kilichoandamana nayo hakikuihusu. Hapo ndipo mtafiti wa nyaraka anapopotea. Usukumani, walwa wa mtama au uwele ulikuwa sehemu ya ujira wa kikundi cha kulima, pamoja na nyama. Palipokosekana ng'ombe, ghalani palikuwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa. Pamba, iliyotanuka sana miaka ya 1950, ilileta fedha taslimu. Kwa maoni yangu, kilichodhoofika Somanda si unywaji, bali wajibu wa mwenye shamba kumlisha mnywaji. Leo nyama choma hununuliwa, kila mtu kwa mfuko wake.