Kitabu Kisicho na Mchoro

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mwalimu wetu wa mekanika alinipa chaki nitatue swali la pendulamu mbili, moja ikining'inia chini ya nyingine. Nikajaza ubao mishale: uzito wa gololi ya juu, uzito wa ya chini, mvutano wa uzi huu, mvutano wa uzi ule. Mivutano hiyo miwili ndiyo iliyonimaliza. Ukubwa wake sikupewa, wala swali halikuutaka, lakini ilinibidi niihangaikie mpaka niiondoe kwenye milinganyo.

Mzee akafuta kila kitu. "Kijana, kani za nyuzi tunaziacha mlangoni." Akaandika pembe mbili tu, moja kwa kila uzi. Akachukua nishati mwendo, akatoa nishati tuli, akaipitisha tofauti hiyo kwenye kalkulasi, mara moja kwa kila pembe. Ikatoka milinganyo miwili. Mivutano haikutajwa tena.

Niliona mazingaombwe. Nilipochimba historia ya mbinu hiyo nikakuta chanzo ni kijana wa rika letu.

Giuseppe Lodovico Lagrangia, ambaye Wafaransa walimfanya Lagrange, alizaliwa Torino mwaka 1736. Agosti 1755, akiwa na miaka 19, alimwandikia Leonhard Euler huko Berlin, bingwa wa hisabati wa Ulaya nzima, akimwonyesha jinsi ya kutafuta mkunjo unaofanya kiasi fulani kiwe kikubwa au kidogo kabisa, kwa aljebra, bila jiometri ambayo Euler mwenyewe aliitegemea. Euler alikuwa na miaka 48. Angeweza kunyamaza. Badala yake alimsifu, akachelewesha maandishi yake mwenyewe ili kijana atangulie kuchapisha. Wakubwa wa namna hiyo ni wa kuhesabika, niamini mimi niliyezeeka kwenye ualimu.

Mwaka 1766 Lagrange alimrithi Euler Berlin, akakaa huko miaka 20 na ushei, kisha akahamia Paris. Hapo ndipo kitabu chake cha mekanika, *Mécanique analytique*, chenye mbinu ile ya ubaoni, kilipochapishwa, mwaka 1788, mwanahisabati Legendre akisimamia uchapaji. *Principia* ya Newton, ya 1687, ilikuwa imejaa michoro. Lagrange aliwatahadharisha wasomaji tangu mwanzo: humu hamtakuta mchoro hata mmoja. Alijivunia hilo. Mizani, maji, sayari, vyote alivipitisha kwenye tundu moja la aljebra. Na inasimuliwa kwamba nakala ya kitabu ilipomfikia, ilikaa mezani kwake miaka miwili bila kufunguliwa. Hisabati ilikuwa imemchosha. Kwa mtu aliyewatoa jasho wanafunzi wengi kiasi hiki, sina huruma sana.

Mapinduzi ya Ufaransa yalimkuta Paris. Rafiki yake Lavoisier, mkemia, alikatwa kichwa Mei 1794, lakini Lagrange alisalimika. Uzeeni akakirudia kitabu: juzuu ya kwanza ya toleo jipya ilitoka 1811. Alifariki Aprili 1813 akiwa bado anahangaika na ya pili, ikatoka 1815. Mwanahisabati Hamilton wa Dublin alikuja kuijenga upya kazi hiyo mwaka 1834 na 1835, na sura aliyoipa ndiyo iliyoingia baadaye kwenye fizikia ya kwanta.

Basi wewe uliye mwaka wa pili sasa, unayeambiwa kani zibaki mlangoni: chora. Chora pendulamu, weka alama kwenye pembe zako, ndipo uandike nishati. Marufuku ya michoro ilikuwa ya kitabu chake, si ya daftari lako.