Vipande vya Mulago

Mimi nilikuwa mkataji. Kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, katika maabara za patholojia za Kanda ya Ziwa, nilikata nyama za watu kuwa vipande vya mikroni nne, vyembamba kiasi kwamba ukipumua kwa pupa kipande kinapaa na kukuganda kwenye nyusi. Daktari wa upasuaji akishatoa uvimbe, mgonjwa anarudi wodini, ndugu wanakaa kwenye benchi kusubiri majibu, na ule uvimbe unashuka kwangu ndani ya kopo la fomalini. Ndugu humuuliza daktari. Mkataji haulizwi.

Kijana mmoja niliyemfundisha sasa yuko masomoni ng'ambo, na kila mara hunitumia makala kwa simu. Habari ni zile zile: mashine za kupima tishu bila kuivuruga, seli kwa seli, kila moja pale pale ilipokuwa, ili ijulikane saratani imekaa na nani na kinga ya mwili imesimama wapi. "Mama, hii si ndiyo kazi yetu?" aliniuliza. Ndiyo, ni kazi yetu. Na nikimsimulia mtu historia yake sianzi na mashine. Naanza na kisu, halafu naenda Kampala.

Fomalini tuliachiwa na Ferdinand Blum, daktari wa Frankfurt aliyekuwa akiijaribu kama dawa ya kuua vijidudu mwaka 1893. Akaona ngozi ya vidole vyake imekakamaa, akatambua kwamba kinachokakamaza kidole kitakakamaza na ini. Rangi ya zambarau tunayotia kwenye viini vya seli hutokana na gogo la mti wa Campeche, kule Mexico, mti ambao Wahispania na Waingereza waliugombania kwa ajili ya kutia rangi vitambaa muda mrefu kabla haujafika maabara. Natamani kila daktari anayepiga simu akidai slaidi yake haraka ajue anaagiza mti.

Tishu inalala kwenye fomalini, inatolewa maji kwa alkoholi inayoongezwa makali hatua kwa hatua, inapitishwa kwenye zailini, inanyweshwa nta ya moto, inagandishwa kuwa bloku. Bloku linafungwa kwenye mikrotomu, unazungusha gurudumu, utepe wa vipande unatoka. Unaulaza juu ya maji ya vuguvugu ujinyooshe, unauopoa kwa slaidi, unaukausha, unautia rangi. Yote hayo yana shabaha moja: kila seli ibaki mahali ilipokuwa kisu cha daktari kilipopita. Mzee aliyenifundisha alijifunzia hospitali ya Mulago, enzi ambazo kijana wa Tanganyika aliyetaka ufundi wa maabara aliweza kuvuka mpaka akasome Kampala, na alichukia mikunjo kuliko alivyochukia uchelewaji. "Binti, ukikunja kipande umempandisha jirani juu ya jirani. Daktari atasoma nini?"

Basi Mulago. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto wa miaka mitano. Taya zilikuwa zimevimba pembe zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa. Jipu haliotei pembe nne kwa mpigo, na saratani kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Haukupita muda, akiwa hospitali ya Jinja, akatupa jicho dirishani na kumwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Nasema jicho kwa makusudi: Burkitt alikuwa na moja tu, la pili alilipoteza utotoni. Mzee wangu alipenda kutukumbusha hilo kila tulipolalamika kwamba hadubini ya zamani, ile ya jicho moja, inatuchosha.

Makala ya kwanza ya Burkitt ilitoka mwaka 1958 katika British Journal of Surgery. Habari zake zimesimuliwa sana, na kila zinaposimuliwa watu hukimbilia kwenye gari na safari. Naomba tubaki maabara kidogo.

Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na profesa wa patholojia aliyeitwa J. N. P. Davies, na Kampala ilikuwa na daftari la saratani lililoanzishwa mwaka 1951, jambo ambalo miji mingi mikubwa kuliko Kampala haikuwa nalo. Mmarekani Gregory O'Conor akafanya kazi pamoja na Davies katika kuzipitia upya slaidi za watoto. Ilionekana kwamba vivimbe vilivyokuwa vikipewa majina mbalimbali kufuatana na vilipotokea, huyu taya, huyu figo, huyu ovari, vilikuwa ugonjwa mmoja: limfoma, saratani ya seli za limfu. Slaidi hizo zilikuwepo kwenye makabati muda wote. Zilikatwa, zikatiwa rangi, zikasomwa moja moja, zikarudishwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuziweka pamoja mezani.

Mwenye kuiona slaidi ya limfoma ya Burkitt haisahau. Kwa ukuzaji mdogo unaona seli za saratani zimebanana bila upenyo, viini vyake vimekolea zambarau. Ndani ya giza hilo kuna madoa meupe yaliyotawanyika. Kila doa ni makrofaji, seli ya kinga ambayo kazi yake ni kumeza mabaki, na tumbo lake limejaa maiti za seli za saratani. Maana uvimbe huu huzaliana kwa kasi ya ajabu na kufa kwa wingi papo hapo. Wanapatholojia huuita mwonekano huo anga la nyota. Hauonekani kwa Burkitt peke yake, lakini ukiuona kwenye taya ya mtoto wa Kanda ya Ziwa unajua unaelekea wapi. Dennis Wright, aliyekuwa Makerere miaka ya 1960, ndiye aliyezichora seli hizo kwa maandishi kwa undani ambao mafundi wa kizazi changu bado waliusoma.

Sasa angalia kilichosomwa pale. Umbo la seli moja moja lilisomwa, ndiyo, lakini utambuzi ulikuja kutokana na mpangilio: makrofaji imezungukwa na nani, kwa umbali gani, imeshika nini. Zisage seli zile zote kwenye kinu kisha uzihesabu, utapata makrofaji zako na seli zako za saratani, ila nyota hutaziona tena.

Na Burkitt naye, bila kushika mikrotomu, alikuwa akiuliza swali hilo hilo juu ya nchi. Alisambaza vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za Afrika, kisha Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaingia kwenye gari kuukuu aina ya Ford wakashuka hadi Afrika Kusini na kurudi, wiki 10, kilometa 16,000 hivi. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa kama mita 1,500. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka. Alexander Haddow wa taasisi ya virusi ya Entebbe akatambua kwamba kinachoamua si mwinuko bali joto, na mvua pamoja nalo. Ramani ya uvimbe ilifanana na ramani ya malaria. Kabla ya hapo, Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London katika Hospitali ya Middlesex, na Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Vipande vibichi vya uvimbe vikaanza kupanda ndege kutoka Uganda. Kimoja, Desemba 1963, kilichelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ikatua Manchester. Kilipofika chupa ilikuwa na maji machafumachafu, na badala ya kuitupa wakaitazama, wakakuta seli zinaelea zikiwa hai. Kutoka kwenye seli hizo Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi chini ya hadubini ya elektroni, na wakatangaza katika Lancet mwezi Machi 1964. Ndivyo virusi vya Epstein-Barr vilivyopata jina. Mtoto aliyetoa kipande hicho alikuwa mgonjwa wa Mulago.

Kwetu mkoani Mara swali la malaria lilipimwa kwa watu halisi. Kuanzia mwaka 1977 watoto wa Mara Kaskazini waligawiwa klorokwini kwa miaka kadhaa ili ionekane kama limfoma itapungua. Ilipungua kweli, lakini ilikuwa imeanza kushuka kabla ya dawa, na jibu safi halikupatikana.

Tangu hapo kazi yetu ilibadilika taratibu, na mabadiliko mengi yalikuja kama kazi ya ziada kwa mkataji. Albert Coons alikuwa amekwisha kuonyesha Boston, mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwamba kingamwili ikifungiwa rangi inayong'aa itakwenda yenyewe kwenye seli inayoijua. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein wa Cambridge wakapata njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja bila kikomo. Tatizo likawa fomalini yetu: inafunga protini kwa nguvu hata kingamwili haipati pa kushika. Mwaka 1991 Shan-Rong Shi na wenzake huko California wakasema, zichemshe slaidi. Tukazichemsha. Nimesimama mbele ya sufuria ya presha nikihesabu dakika, ndani mna slaidi za wagonjwa wa wiki nzima, na aliyepita koridoni akauliza kama maharage yameiva.

Ndipo seli za kinga zilipoacha kuwa madoa ya bluu yanayofanana. Rudolf Virchow alikwisha kuona chembe nyeupe za damu ndani ya vivimbe mwaka 1863, lakini hakuweza kuzitenga kwa aina. Sasa unaweza kusema hizi ni seli T, hizi ni seli T za kuua. Mwaka 2006 Jérôme Galon na wenzake wa Paris wakaandika katika Science kwamba kwa saratani ya utumbo mpana, aina ya seli za kinga, wingi wake na mahali zilipo vinatabiri hatima ya mgonjwa. Walihesabu mara mbili, katikati ya uvimbe na kwenye ukingo wake. Kujua kwamba mtaani kuna askari kumi hakukuambii kama wamezingira nyumba ya mwizi au wamelala kituoni. Mwaka 2018 kipimo chao kilithibitishwa kwa wagonjwa zaidi ya 2,600 kutoka nchi 13.

Lakini katikati hapo palikuwa na miaka ambayo mkataji alionekana amepitwa na wakati. Vifaa vya kusoma maelfu ya jeni kwa pamoja vilikuja, na sharti lake lilikuwa kusaga. Uvimbe unasagwa, RNA inatolewa, orodha ndefu inapatikana. Sikatai, orodha hizo zilifundisha mengi. Ila nilikuwa nikiona kipande kimeingia kwenye mrija na ukingo wake, na mishipa yake, na nyota zake, kikatoka mchuzi, nikamkumbuka mzee na mikunjo yake.

Waliorudisha mahali ni watu wa Stockholm, akina Patrik Ståhl na Joakim Lundeberg, mwaka 2016. Walichapa vitone juu ya kioo, kila kitone na anwani yake iliyoandikwa kwa herufi za DNA. Kipande kinalazwa juu yake, RNA inashuka, inanaswa na kitone kilicho chini yake, inabeba anwani hiyo. Baada ya hapo unaweza kusaga utakavyo. Anwani inakurudisha kwenye kipande. Kila kitone kilikuwa na upana wa mikroni 100, kikinasa seli kadhaa kwa pamoja, na walikijaribu kwenye ubongo wa panya na kwenye saratani ya matiti. Mwaka 2020 jarida la Nature Methods likauita utaalamu huo mbinu ya mwaka. Mwaka huo huo Christian Schürch, Garry Nolan na wenzao walichukua vipande vya wagonjwa 35 wa saratani ya utumbo mpana, wakatia kingamwili za aina 56 kwa pamoja kwenye kipande kile kile, wakazisoma kwa zamu, wakakuta seli zimejipanga katika mitaa tisa inayojirudia kutoka mgonjwa hadi mgonjwa. Wagonjwa hawakutofautiana tu kwa wakazi, walitofautiana pia kwa namna mitaa hiyo ilivyopakana.

Kilichonifurahisha kwenye makala ile ni kwamba vipande vilitoka kwenye mabloku ya nta. Nta ile ile. Maana yake ni kwamba bloku la miaka mingi iliyopita bado linaweza kuulizwa maswali ambayo aliyelikata hakuwahi kuyasikia, na Afrika Mashariki ina mabloku ya limfoma ya Burkitt kuliko sehemu nyingi za dunia. Nyota zile ni za namna gani? Je, zinakula mabaki tu, au zinaulisha uvimbe? Kuna Burkitt chache ambazo makrofaji zake hujikusanya vikundi vikundi badala ya kutawanyika, na wanapatholojia wameripoti kwamba wagonjwa hao huelekea kupona vizuri zaidi. Hilo ni swali la mahali, na mahali pamo ndani ya nta.

Ikiwa nta ipo. Hospitali moja niliyofanyia kazi ilitupa mabloku ya miaka mingi ili chumba kipakwe rangi kiwe ofisi. Kwingine yalihifadhiwa chini ya bati mpaka joto la Februari likayalainisha na kuyagandisha pamoja. Hata yaliyonusurika si yote yanafaa: uvimbe uliokaa meza ya chumba cha upasuaji tangu Ijumaa hadi Jumatatu bila fomalini una RNA iliyokatikakatika, na fomalini isiyotiwa bafa inaharibu polepole hata kile ilichokihifadhi. Mashine ya mamilioni haitarudisha kilichopotea mchana mmoja kwenye kopo.

Kijana wangu anataka kuja kutafuta mabloku ya zamani kwa ajili ya shahada yake. Nimemwandikia ayapange kwa mwaka, asome namba kwenye pembe ya bloku na si kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake, na kabla ya kukata hata kipande kimoja awatafute mafundi waliokuwa zamu miaka ile. Wengi bado wako hai. Awaulize fomalini ilichanganywa na nini, na uvimbe ulikuwa ukifika maabara saa ngapi.