Hermes: Asteroidi iliyopotea kwa miaka 66

ASTEROIDI Hermes ni miongoni mwa miamba ya angani ambayo njia yake ya kulizunguka Jua hukatiza njia za sayari, ikiwemo Dunia. Iligunduliwa mwaka wa 1937, ikapotea siku chache baadaye, na haikuonekana tena hadi mwaka wa 2003.

Mgunduzi wake alikuwa Karl Reinmuth, mwanaastronomia wa Ujerumani aliyefanya kazi katika kituo cha Heidelberg. Enzi hizo anga ilichunguzwa kwa kupiga picha kwenye bamba la kioo lililopakwa dawa, huku darubini ikifuata mwendo wa nyota kwa muda mrefu. Nyota zilitokea kama vitone, ilhali asteroidi, kwa kuwa husogea miongoni mwa nyota, iliacha mstari.

Mstari uliopatikana kwenye picha ya Oktoba 28, 1937 ulikuwa mrefu kupita kawaida, ishara kwamba gimba hilo lilikuwa karibu mno. Siku mbili baadaye lilipita umbali wa takriban kilomita 740,000 kutoka Dunia, ambao haufikii mara mbili ya umbali wa Mwezi. Hadi wakati huo hapakuwa na asteroidi nyingine iliyojulikana kuikaribia Dunia kiasi hicho.

Kisha ikatoweka. Ili kukokotoa njia ya asteroidi, wataalamu huhitaji kujua mahali ilipokuwa katika tarehe zilizoachana vya kutosha. Picha zote za Hermes, zikiwemo zile za vituo vingine, zilihusu siku tano tu. Aliyeiona matatu ikikata kona moja hawezi kutaja safari yake yote wala saa itakaporejea. Hali ya wanaastronomia ilikuwa iyo hiyo. Hermes ikabaki na jina bila nambari rasmi, kwani nambari hutolewa tu njia inapojulikana barabara.

Hayo hayakuwa mageni kwa Reinmuth. Asteroidi Apollo, aliyoigundua mwaka wa 1932 na ambayo kundi zima la miamba inayokatiza njia ya Dunia limepewa jina lake, nayo ilipotea hadi mwaka wa 1973.

Mnamo Oktoba 15, 2003, Brian Skiff wa kituo cha Lowell, jimboni Arizona, Marekani, alinasa gimba lililokuwa likienda kasi. Timothy Spahr wa kituo cha kimataifa kinachoweka kumbukumbu za asteroidi akatambua kwamba ndilo Hermes. Lilipewa nambari 69230.

Hapo ndipo njia yake ilipobainika. Hermes hulizunguka Jua mara moja kwa takriban miaka 2 na mwezi mmoja na nusu. Inapolikaribia Jua zaidi huwa umbali wa kilomita milioni 93 hivi, ndani ya njia ya Zuhura. Inapokuwa mbali zaidi hufikia kilomita milioni 400, kupita Mirihi. Kwa hivyo hukatiza njia za sayari tatu: Zuhura, Dunia na Mirihi.

Aidha, rada ya Arecibo, kisiwani Puerto Rico, ilidhihirisha mwaka huo wa 2003 kwamba Hermes si mwamba mmoja bali miwili inayokaribia kulingana kwa ukubwa, kila mmoja ukiwa na upana wa mamia ya mita. Miamba hiyo huzungukana kwa muda wa takriban saa 14.

Hesabu za kurudi nyuma zilifichua jambo la kutia wasiwasi zaidi. Mwezi Aprili 1942, ulimwengu ukiwa katikati ya Vita Vikuu vya Pili, Hermes ilipita umbali wa kilomita 630,000 hivi, karibu kuliko mwaka wa 1937, bila mtu yeyote kuiona.

Hata hivyo, wataalamu walioikokotoa upya walihakikisha kuwa haitaigonga Dunia katika muda wa miaka 100. Hakikisho hilo halingewezekana kabla ya 2003. Mwamba wenyewe haukuwa umebadilika. Kilichopatikana ni kumbukumbu za kutosha za mahali ulipopita. Ndiyo sababu vituo vya uchunguzi huendelea kuifuatilia kila asteroidi mpya kwa majuma na miezi baada ya kugunduliwa, badala ya kuridhika na picha ya kwanza.