Meli ya Götzen na ndege iliyotumwa kuishambulia: tengeneza modeli zake kwa skeli moja

Watu wengi duniani hutengeneza modeli, yaani mifano midogo, ya ndege za pande mbili zilizopigana vitani. Ndege za Marekani na Japani zilizoruka kutoka manowari za kubeba ndege katika mapigano ya Midway, Juni 1942, ni miongoni mwa zinazopendwa. Sisi wa Katavi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Kwenye Ziwa Tanganyika, magharibi mwa mkoa wetu, ndege na meli zilikabiliana mwaka 1916. Hapa tunaeleza ilivyokuwa, na jinsi msikilizaji wa Sitalike anavyoweza kutengeneza modeli zake kwa vitu vya nyumbani.

Pande mbili zilizopigana

Upande wa Wajerumani ulikuwa na meli Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kusafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Huko iliunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Ilikuwa meli kubwa kuliko zote ziwani.

Upande wa Wabelgiji, waliotawala Kongo, ulipewa na Waingereza ndege 4 aina ya Short 827. Hizi ni ndege za kutua majini: badala ya magurudumu zina maboya. Zililetwa kwa meli hadi Matadi, zikaendelea kwa reli na Mto Kongo. Kambi yake ilikuwa Ziwa Tongwe, bwawa tulivu kaskazini mwa Kalemie ya leo. Juni 1916 zilivuka ziwa na kudondosha mabomu Kigoma, ilikokuwa Götzen.

Wajerumani walikuwa wameshaondoa mzinga mkubwa wa Götzen ili utumike nchi kavu, wakaweka mahali pake mzinga bandia wa mbao. Kwa hiyo ukiweka kijiti kwenye modeli yako, umefuata meli yenyewe ilivyokuwa.

Skeli kwanza

Kosa la kawaida ni kutengeneza ndege kwa kipimo chake na meli kwa kipimo kingine. Anayetazama ataona ndege inalingana na meli, na historia itakuwa imepotoshwa. Tumia skeli moja kwa vyote. Rahisi zaidi ni 1 kwa 100: kila mita 1 ya kitu halisi inakuwa sentimita 1 kwenye modeli. Rula ya shule inatosha.

- Götzen: urefu mita 71.4, upana mita 10.1. Modeli: sm 71.4 kwa sm 10.1.
- Short 827: mabawa mita 16.4, urefu mita 10.7. Modeli: sm 16.4 kwa sm 10.7.
- Mtu mzima wa mita 1.7. Modeli: sm 1.7.

Meli

1. Omba kwa fundi seremala kipande cha ubao mwepesi. Kata kwa kipimo, kisha chonga mbele pawe pembamba.
2. Jenga vyumba vya juu kwa maboksi yaliyotumika.
3. Simamisha kipande cha mwanzi kiwe bomba la moshi.
4. Weka kijiti mbele kiwe mzinga.

Ndege

1. Tumia bua kavu la mtama au mahindi kwa mwili wake.
2. Kata mabawa mawili ya kadibodi, moja likae juu ya jingine. La juu liwe na sm 16.4.
3. Yashikanishe kwa njiti za mwanzi, kisha funga uzi kati yake kama nyaya.
4. Chonga maboya mawili kutoka kandambili zilizochakaa, uyafunge chini ya mwili.
5. Weka pangaboi mbele na watu wawili ndani: rubani na mwenzake.

Tahadhari: usiingie Hifadhi ya Taifa ya Katavi kukata miti, na usijaribu modeli zako kwenye Mto Katuma. Viboko na mamba hawana mchezo. Beseni la maji linatosha.

Usisahau watu

Modeli nyingi za vita zina mashine tupu. Lakini mashine hizi hazikujileta ziwani. Boti za Waingereza, Mimi na Toutou, zilipovutwa kupitia Kongo mwaka 1915, vibarua wa Kiafrika walifungua njia na kujenga madaraja. Chonga watu wa sm 1.7, uwapange kando ya meli na ndege. Hapo mtoto ataona ukubwa wa mzigo waliobeba wazee wetu.

Julai 1916, adui walipokaribia kwa nchi kavu, Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, wakiwa wamepaka injini grisi ili zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ndiyo Liemba ile ile iliyobeba abiria na mizigo ya watu wa mwambao kwa miaka mingi. Kama nyumbani kuna mzee aliyewahi kuipanda, muoneshe modeli yako na umwombe asimulie.