Jambo OpenOffice: chuo, kampuni na lugha yetu

Wasomaji wangu, leo turudi nyuma kidogo. Mwaka 2000 kampuni ya Sun Microsystems iliweka wazi msimbo wa StarOffice, ikazaliwa OpenOffice. Tangu hapo yeyote angeweza kuitafsiri bila kuomba ruhusa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikashirikiana na kampuni ya Uswidi, IT+46, shirika la Sida likatoa fedha, na mwaka 2004 Jambo OpenOffice ikatoka kwa Kiswahili.

Shida ni moja: programu hubadilika kila toleo, lakini ufadhili una mwisho. Tafsiri isiyo na mtunzaji huchakaa.

Nami nakiri, menyu za programu zangu bado ni za Kiingereza, na sikuhitaji mfadhili kuzibadilisha. Leo naanza na "Hifadhi". Wewe je?