Kutoka London hadi Johannesburg kwa Ndege

Twaa ramani ya dunia, msomaji, uweke kidole juu ya London, kisha ukishushe kusini mpaka Johannesburg. Ndege za siku hizi huukata mwendo huo wa kilomita zipatazo 9,000 kwa saa 11 hivi, pasipo kutua. Mwaka 1932, abiria wa Imperial Airways aliyetoka London kwenda Cape Town alijiandaa kwa siku 11 hivi. Sehemu ya Ulaya aliivuka kwa gari la moshi. Kisumu na Nairobi zilikuwa miongoni mwa vituo vyake, na usiku ulipoingia alilala hotelini kama msafiri yeyote wa nchi kavu.

Tarehe 2 Mei 1952 iliondoka London ndege iitwayo Comet, ya kwanza ya jeti kuanzisha safari za kawaida za abiria. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg baada ya muda usiotimia saa 24.

Hebu tupige hesabu. Kwa kupitia vituo hivyo, njia ilirefuka ikawa kilomita 10,800 hivi. Comet iliweza kwenda zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Gawanya, utapata saa 15 na ushei. Saa 8 nyingine zilikwenda wapi? Zilipotea katika kupanda, kushuka, na kungoja mafuta yatiwe. Kwa hiyo aliyeifupisha safari hii tangu siku zile si mwendo wa kasi peke yake, kama wengi wadhanivyo, bali ni tangi la mafuta pia.

Tena vituo vilikuwa na gharama isiyoonekana. Comet iliruka juu sana, ambako hewa ni nyembamba mno kwa pumzi ya mtu. Basi hewa ilishindiliwa ndani yake. Kila ilipopanda, bati la kiwiliwili chake lilivutika. Kila iliposhuka, lililegea. Nawe wajua kwamba waya ukikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mahali pamoja hukatika.

Tarehe 10 Januari 1954, ndege ile ile iliyofungua safari ya 1952 ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu wote 35. Tarehe 8 Aprili ikaanguka Comet nyingine katika bahari ya Italia, wakafa 21. Comet zote zikazuiwa kuruka.

Huko Farnborough, Uingereza, wataalamu walikizamisha kiwiliwili kizima cha Comet katika birika kubwa, wakawa wakiisukumia maji ndani na kuyalegeza, mchana na usiku, kuigiza kupanda na kushuka. Ilipotimiza hesabu ya safari zaidi kidogo ya 3,000, ikapasuka. Ufa ulianzia penye pembe ya tundu lililokatwa katika bati.

Comet za namna mpya, zenye bati nene zaidi, zilianza kuchukua abiria mwaka 1958. Ndege iendayo Johannesburg leo moja kwa moja hushindiliwa hewa mara 1. Comet ya 1952, katika safari hiyo hiyo, ilishindiliwa mara 6.